Kusoma Kijapani na Kucheza Judo Tokyo: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Vyote Viwili

Malalamiko ya vijana wa judo wanaokwenda Japani kusoma lugha yanafanana mno. Mmoja alifika na nia ya kupanda tatami, mikeka ya mazoezi ya judo, kila wiki. Mwaka umekwisha na judogi, vazi la judo, haijatoka begini. Mwingine anacheza judo vizuri kabisa, ila mahudhurio ya darasani yameporomoka na uhamiaji wamemkatalia kuongeza muda. Wote wawili wameteleza palepale: mpangilio wa maamuzi.

Walitafuta shule ya bei nafuu, wakapanga chumba popote, wakashika kazi ya kwanza iliyojitokeza, ndipo wakaanza kuulizia dojo, yaani ukumbi wa mazoezi. Kufikia hapo jioni zao zote zilishaliwa.

Mpangilio unaofaa ni huu: zamu ya darasa kwanza, dojo ya pili, nyumba ya tatu, kazi ya mwisho. Ukigeuza, utapoteza kimojawapo, na mara nyingi ni judo.

Nimeandika kwa ajili ya mtu mzima aliyemaliza shule, anayetaka kukaa mwaka mmoja hadi miwili kwa viza ya mwanafunzi. Anayetaka kuonja tu kwa miezi mitatu anaweza kuomba viza ya muda mfupi na kujiandikisha kozi fupi ya lugha. Huyo hataruhusiwa kufanya kazi, na hatua nyingi za hapa chini hazimhusu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vyeti vya elimu vinavyofikisha miaka 12 ya shule. Hapa Watanzania na Waganda wengi hukwama. Kidato cha nne cha Tanzania ni miaka 11 (7+4), sawa na S4 ya Uganda. Kidato cha sita ni 13, na Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 anafikisha 12. Kama umeishia kidato cha nne, iulize shule mapema kama stashahada au cheti cha chuo ulichosoma baadaye kitahesabiwa. Usitume ada ya maombi kabla ya kujibiwa kwa maandishi.
- Uthibitisho kwamba umeanza Kijapani. Kinachotakiwa kwa kawaida ni cheti cha JLPT (mtihani wa kupima Kijapani) ngazi ya N5, ya chini kabisa, au barua inayoonyesha umesoma saa 150 hivi. JLPT hufanyika Nairobi mwezi Desemba, kwa hiyo panga mwaka wako kwa kuanzia hapo.
- Mdhamini wa fedha. Taarifa za benki, uthibitisho wa kipato chake, na karatasi inayoonyesha undugu wenu.
- Ada. Shule nyingi za lugha za Tokyo hutoza kati ya yeni 700,000 na 900,000 kwa mwaka, na hutaka mwaka mzima au nusu yake kabla hujaenda ubalozini kuchukua viza. Juu yake weka nauli, bweni, na pesa ya kula ya miezi mitatu.
- Judogi mbili nyeupe. Ya bluu iache nyumbani. Mazoezini Japani watu huvaa nyeupe, na bluu itakufanya uonekane mgeni kabla hujafungua mdomo.
- Cheti cha mkanda wako na barua ya utambulisho kutoka chama cha judo cha nchi yako, kama unacheza tayari.
- Miezi minane hadi kumi ya maandalizi. Usidhani nimetia chumvi. Sababu iko hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Chagua muhula

Shule za lugha hupokea wanafunzi Aprili, Julai, Oktoba na Januari. Aprili na Oktoba ndiyo mihula mikubwa. Anayeingia Aprili hupeleka karatasi zake kwenye Novemba ya mwaka uliotangulia, na wa Oktoba kwenye Mei hivi. Shule ndiyo inayoziwasilisha uhamiaji kwa niaba yako ili upate Hati ya Kustahiki, inayojulikana kwa kifupi COE. Bila hiyo ubalozi hauna cha kukufanyia.

Mimi ningechagua Aprili. Madarasa ya wanaoanza huwa mengi, dojo nazo zinapokea wanachama wapya kwa kuwa mwaka wa shule na wa kazi wa Japani huanza mwezi huo, na hali ya hewa haikuumizi. Anayetua Januari kutoka Mombasa au Unguja atasimama peku kwenye tatami usiku ambao nje joto liko karibu na nyuzi 0. Wapo wanaovumilia. Wengi wanaacha wiki ya pili.

## Hatua ya 2: Chagua shule kwa zamu yake

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, kwa hiyo nitakaa nayo.

Shule nyingi za lugha zina zamu mbili: ya asubuhi, takriban saa tatu hadi saa sita na nusu, na ya mchana, takriban saa saba hadi kumi na nusu au zaidi kidogo. Vipindi ni kama 20 kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa. Kisichoandikwa kwenye kipeperushi ni kwamba mara nyingi mwanafunzi hachagui zamu. Anapangiwa kwa kiwango chake. Shule nyingi huwaweka wanaoanza mchana na waliopanda asubuhi, na ukifaulu kwenda ngazi nyingine zamu inaweza kubadilika katikati ya mwaka.

Waandikie barua pepe yenye maswali manne:

1. Wanaoanza wanasoma zamu gani?
2. Nikipanda ngazi, zamu hubadilika? Baada ya miezi mingapi?
3. Darasa la mchana linatoka saa ngapi kamili?
4. Kuna mwanafunzi wenu aliye kwenye klabu ya michezo au dojo?

Swali la nne linaonekana la mazungumzo tu, ila majibu yake yanasema mengi. Shule iliyozoea wanafunzi wa namna hiyo itakutajia dojo ya jirani. Isiyozoea itakujibu kwa sentensi ya jumla kuhusu utamaduni wa Japani.

Zamu zote mbili zinaruhusu judo, kwa kuwa mazoezi ya watu wazima Tokyo huwa jioni. Tofauti ni kazi inakwenda wapi. Ukisoma mchana, kazi itakaa asubuhi na wikendi, jioni inabaki ya judo. Ukisoma asubuhi, mchana wako ni wa kufanya kazi za nyumbani na kulala kidogo, na kishawishi kitakuwa kuchukua kazi ya jioni kwa sababu ndizo nyingi. Kwa mwanamichezo zamu ya mchana ina nafuu zaidi, hata kama wenzako watakwambia asubuhi ndiyo ya wanafunzi makini.

Kisha fungua ramani. Kodokan, makao makuu ya judo duniani, iko wilaya ya Bunkyo, hatua chache kutoka stesheni za Kasuga na Korakuen. Shule nyingi za lugha ziko upande wa Shinjuku, Takadanobaba na Shin-Okubo. Treni ya Oedo inatoka Shinjuku-nishiguchi na Higashi-Shinjuku moja kwa moja hadi Kasuga, bila kubadilisha. Shule iliyo kandokando ya njia kama hiyo ina thamani kuliko iliyo nafuu kwa yeni elfu hamsini lakini inakulazimisha kubadilisha treni mara tatu na judogi iliyolowa mgongoni.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kuandika kwenye karatasi: nitatoka darasani saa fulani, nitafika tatami saa fulani, na katikati nina dakika zisizopungua arobaini za kula.

## Hatua ya 3: Andika barua ya sababu kwa uangalifu

Kwenye maombi kuna barua ya kueleza kwa nini unataka kusoma Kijapani. Vijana wa judo huandika ukurasa mzima juu ya judo, afisa anajiuliza huyu anakuja kusoma au kucheza. Viza hii ni ya masomo. Eleza lugha itakupeleka wapi: chuo cha ufundi, chuo kikuu, ualimu wa michezo, kazi ya utalii ukirudi Zanzibar. Judo itaje kwa sentensi mbili tatu kama sababu ya kweli ya kuipenda lugha hiyo, basi.

Usifiche wala usidanganye. Maneno ya barua yalingane na vyeti, na pesa za mdhamini zisiingie zote benki wiki moja kabla ya kutoa taarifa. Hilo huonekana upesi kuliko unavyodhani.

Anayetaka judo tupu, bila shule ya lugha, ana mlango mwingine: hadhi ya ukaazi ya shughuli za kitamaduni, inayowahusu wanaojifunza sanaa za Kijapani chini ya mwalimu. Huo una masharti yake na unahitaji dojo ya kukupokea kwa maandishi. Na asiye na mdhamini kabisa aulizie ubalozi wa Japani kuhusu ufadhili wa serikali yao, MEXT. Wanaochukuliwa kwa shahada ya kwanza husomeshwa lugha mwaka mzima kabla ya kuanza chuo.

COE ikitoka ina uhai wa miezi mitatu. Peleka ubalozini mara moja.

## Hatua ya 4: Andaa mwili na mdomo kabla ya ndege

Kama hujawahi kucheza, jifunze kuanguka nyumbani. Ukemi ya nyuma, ya pembeni na ya kuviringika, kila siku, mpaka mkono upige mkeka wenyewe bila kuamrishwa. Mwanafunzi anayejua kuanguka anapokewa popote. Asiyejua atakaa pembeni wiki nyingi, na pembeni ndipo watu wanapokatia tamaa.

Kwa lugha, Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana: irabu za Kijapani ni a, i, u, e, o zilezile zetu, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Tatizo lako litakuwa urefu na mkazo wa konsonanti. *Obasan* ni shangazi, *obaasan* ni bibi. *Kite* ni njoo, *kitte* ni stempu. Zoeza sikio hapo. Hiragana na katakana, herufi za silabi za Kijapani, zimalize kabla ya kuondoka. Kuzisomea Tokyo ni kulipa ada ya ghali kwa kitu cha bure.

## Hatua ya 5: Siku kumi na nne za kwanza

Siku hizi ni za karatasi. Zipite haraka lakini usiruke hata moja.

1. Uwanja wa ndege. Narita na Haneda hutoa kadi ya ukaazi palepale. Kabla ya kutoka, jaza fomu ya kibali cha kufanya kazi nje ya masomo. Ukiipata hapo unaokoa safari na wiki kadhaa za kusubiri.
2. Ofisi ya wilaya. Sajili anwani ndani ya siku 14 tangu upate makazi.
3. Bima ya afya ya taifa. Utajiunga hapohapo. Inabeba asilimia 70 ya matibabu, wewe unalipa 30. Mwanafunzi asiye na kipato hulipa mchango mdogo. Mchezaji wa judo bila bima ni mtu anayecheza kamari na goti lake.
4. Pensheni. Ukiwa na miaka 20 au zaidi utaletewa bahasha. Usiitupe kwa kuwa huwezi kuisoma. Rudi nayo ofisi ya wilaya uombe msamaha wa malipo.
5. Simu na akaunti. Ofisi ya shule itakusaidia.

Miezi mitatu ya mwanzo kaa bweni la shule hata kama ni dogo na lina sheria nyingi. Chumba cha kupanga utakitafuta ukishajua dojo yako iko wapi.

## Hatua ya 6: Tafuta dojo kwa miguu yako

Kuna aina tatu unazoweza kuzifikia.

Kodokan yenyewe. Inapokea wageni, wanaoanza kabisa na wenye mikanda. Wanaoanza wana shule yao ndani yake yenye masomo ya mpangilio. Wenye mkanda mweusi wanaweza kupanda ukumbi mkuu wa ghorofa ya saba kwa randori (mchezo huru wa mazoezi) na watu wa kila rika na kila nchi. Ubaya wake ni kwamba wageni ni wengi, na ni rahisi kukaa kundi la wanaozungumza Kiingereza mwaka mzima.

Dojo ya mtaani. Hizi ziko kwenye kumbi za michezo za wilaya, shule, au nyumba ya mwalimu. Ada ni ndogo, watoto hucheza kwanza, watu wazima baadaye. Kijapani ndicho kinachozungumzwa, hakuna kingine. Kwa lengo la mwongozo huu, hapa ndipo pako.

Klabu za vyuo vikuu. Tokai, Kokushikan, Nihon, na Tenri kule mkoa wa Nara ni majina makubwa. Watu hao hufanya mazoezi kila siku kwa saa nyingi. Huingii kwa kubisha hodi. Unahitaji mtu wa kukutambulisha. Weka akilini kwa mwaka wa pili.

Ushauri wangu: dojo ya mtaani mara mbili kwa wiki, Kodokan mara moja. Ya mtaani inakupa lugha na jamaa, Kodokan inakupa wapinzani na mitihani ya mkanda.

Namna ya kuingia dojo ya mtaani: usianze kwa kuomba kujiunga. Omba kutazama. Nenda robo saa kabla, vua viatu uvielekeze kwenye mlango, inama unapoingia, na umwambie aliye karibu: *Kengaku shite mo ii desu ka?* (Naweza kutazama?) Kaa ulipoonyeshwa mpaka mwisho, bila kuchezea simu. Mwalimu atakuja mwenyewe kukuuliza unatoka wapi. Hapo ndipo unapotoa cheti chako na barua ya chama. Mara ya pili utaambiwa uje na judogi kwa jaribio, *taiken*. Mara ya tatu utapewa fomu.

Uliza mambo matatu kabla ya kusaini: ada ya mwezi, bima ya michezo ya mwaka (ni nafuu, na dojo nyingi huilipia kwa pamoja), na mkanda wa kuvaa. Mkanda mweusi wa nchi yako una heshima yake, lakini baadhi ya walimu watataka uanze na mweupe mpaka wakuone. Kubali bila kununa.

Kucha fupi, miguu safi, ndala za kutembelea nje ya tatami. Wanawake huvaa fulana nyeupe ndani. Wasomaji Waislamu huulizia kuinama: *rei* ni salamu ya heshima kwa mwenzako na kwa ukumbi. Ukiona ukutani kuna madhabahu ndogo na moyo wako hautulii, mweleze mwalimu faragha kabla ya siku ya kwanza. Ni bora kuliko kusimama wima wenzako wameinama, na yeye hajui kwa nini.

Onyo kwa vijana wenye nguvu. Utapangiwa randori na mzee wa miaka sabini. Atakushika kola taratibu, utahisi kama hajakushika kabisa, na utataka kumwonyesha mazoezi ya Mwembetanga kule Unguja. Usivute kwa nguvu. Fuata hatua zake, acha akuangushe, amka, *onegai shimasu* (tafadhali tucheze) tena. Ukimuumiza mzee wa dojo, hakuna atakayekufukuza. Utaanza tu kukosa watu wa kucheza nao.

Umefaulu hatua hii siku watakapokuita kwa jina lako badala ya "yule wa Afrika", na mtu akakuuliza kwa nini hukuja Jumatano.

## Hatua ya 7: Sasa nyumba, kisha kazi

Nyumba itafute kati ya shule na dojo, au upande wa dojo. Baada ya mazoezi hutakuwa na hamu ya treni ya saa nzima. Nyumba ya kushirikiana ndiyo rahisi zaidi kwa mgeni, kwa kuwa chumba cha kawaida hutaka dhamana, mdhamini na mara nyingine zawadi ya mwenye nyumba isiyorudishwa. Ukipata baiskeli, isajili kwa jina lako. Polisi husimamisha na kuuliza.

Kwa wanaokula halali, maduka yako tele Shin-Okubo, na msikiti mkubwa wa Tokyo Camii uko Yoyogi-Uehara. Desemba jua la Tokyo linazama karibu saa kumi na nusu jioni, dakika zilezile ambazo darasa la mchana linatoka, kwa hiyo Magharibi ipangie mahali kabla ya treni.

Kazi: ruhusa ni saa 28 kwa wiki, kazi zote zikijumlishwa, na hadi saa 8 kwa siku shule ikifunga likizo ndefu. Baa za burudani na nyumba za pachinko (mashine za kamari) ni marufuku hata kufagia. Mshahara wa chini wa Tokyo ulikuwa yeni 1,163 kwa saa kuanzia Oktoba 2024. Zidisha mwenyewe: saa 28 kwa wiki nne ni kama yeni 130,000. Zinatosha kula na kupanga chumba cha kawaida. Hazitoshi kulipa ada ya mwaka, na wakala anayekwambia zinatosha anakutafutia deni.

Mimi ningefanya saa 18 hadi 20 tu. Miezi mitatu ya kwanza, bila kazi kabisa kama mfuko unaruhusu.

Wiki ya mtu wa zamu ya mchana inaweza kuwa hivi: Jumatatu na Ijumaa asubuhi ni kusoma, mchana darasa, jioni dojo ya mtaani. Jumanne na Alhamisi asubuhi kazi, mchana darasa, jioni kanji (herufi zenye asili ya Kichina) na kulala mapema. Jumatano darasa, halafu Kodokan. Jumamosi kazi. Jumapili usiguse kitu isipokuwa nguo chafu. Ukiona umeanza kuhamishia kazi kwenye Jumatatu au Ijumaa jioni "kwa wiki hii tu", ujue ndivyo judogi zinavyobaki begini.

## Hatua ya 8: Geuza tatami kuwa darasa la pili

Kucheza na Wajapani peke yake hakukufundishi Kijapani. Wapo waliocheza miaka miwili wakiwa na maneno ya judo tu. Lazima kuwe na utaratibu.

Anza na kuhesabu. Kwenye uchikomi, zoezi la kurudia kuingia mtupo, kila mtu huhesabu kumi kwa zamu, kwa sauti. Ikifika kwako ukumbi wote unasubiri: *ichi, ni, san, shi, go, roku, shichi, hachi, ku, ju*. Darasani nne, saba na tisa ulifundishwa *yon*, *nana*, *kyuu*. Kwenye tatami zinatumika *shi*, *shichi*, *ku*. Ukisita kwenye saba, watu kumi wenye majasho wanasita na wewe. Hutasahau tena.

Kamata amri, halafu zipeleke darasani. Mwalimu anapiga kelele: *motto hiite*, vuta zaidi, *koshi wo otose*, shusha kiuno, *migi*, kulia, *hidari*, kushoto, *mae*, mbele, *ushiro*, nyuma. Ukitoka, kabla ya treni, andika matatu uliyoyasikia kwa hiragana jinsi masikio yalivyoyapokea, hata kama umekosea. Kesho yake mwulize mwalimu wa lugha. Nusu ya sarufi ya ngazi ya N4 nimeiona ikieleweka kwa njia hiyo, kwa sababu mwanafunzi alishaisikia kwa viungo vyake.

Tahadhari. Kijapani cha dojo ni cha amri na cha wanaume watu wazima. *Otose* ya mwalimu wako ukimrudishia yeye, au ukimwambia mwalimu wa shule *kite* bila *kudasai*, utakuwa umekosa adabu. Chukua maneno kutoka tatami, namna ya kuyasema ichukue darasani.

Baki baada ya mazoezi. Kufagia tatami, kukunja judogi, kunywa chai na wazee: dakika kumi na tano hizi zina Kijapani kingi kuliko saa nzima ya randori, maana ukiwa umebanwa shingo huongei. Jitolee pia kusaidia kikao cha watoto. Mtoto wa miaka saba atakusahihisha bila huruma, na msamiati wake unalingana na wako.

Wazo lenyewe si geni. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, aliendesha shule ya kuwafundisha Kijapani wanafunzi wa Kichina, na Lu Xun, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa China, aliingia humo mwaka 1902.

Kipimo: anayeanza kutoka N5 akifuata ratiba hii afikirie N4 baada ya nusu mwaka, N3 karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza, na N2 kabla ya miaka miwili kwisha. Ukiwa chini ya hapo, punguza kazi kabla hujapunguza judo.

## Hatua ya 9: Ukiumia

Utaumia. Kidole, kifundo, bega. Kwenye tatami piga mara mbili au sema *maitta*, nimeshindwa, mapema, hakuna anayehesabu.

Kwa kuteguka na michubuko mtaani kuna *sekkotsuin*, kliniki za wataalamu wa viungo wenye leseni ambao cheo chao chenyewe kina neno judo, *judo seifukushi*. Bima ya taifa inawalipia kwa majeraha ya namna hiyo. Mfupa ukivunjika au kiungo kikichomoka, nenda hospitali kwanza.

Ukipiga kichwa na kusikia kizunguzungu, umekwisha mazoezi kwa siku hiyo na hurudi tatami bila daktari. Hapo hakuna ushujaa.

Na hili ndilo linalosahaulika: mguu ukiuma, darasani unakwenda. Umelazwa au una homa? Pata karatasi ya daktari na upeleke ofisi ya shule siku hiyohiyo.

## Hatua ya 10: Linda mahudhurio, ongeza muda, panda mkanda

Uhamiaji huangalia mahudhurio unapoomba kuongeza muda. Chini ya asilimia 80 utaanza kuulizwa maswali, na kadiri yanavyoshuka ndivyo majibu yanavyokosekana. Lenga 95. Kuchelewa mara kadhaa shule nyingi huhesabu kama siku uliyokosa, kwa hiyo mazoezi ya usiku yasikufanye uingie darasani dakika kumi baadaye. Jihadhari hasa Januari: Kodokan hufanya *kangeiko*, mazoezi ya alfajiri ya baridi. Ni fahari kubwa kuyamaliza, ila mwenye zamu ya asubuhi apime kwanza kama atakaa macho hadi kipindi cha nne.

Shule ya lugha huwezi kukaa zaidi ya miaka miwili. Mwezi wa kumi na mbili ndio wa kuamua unakwenda wapi: chuo cha ufundi, chuo kikuu, au nyumbani.

Kwa mkanda, Kodokan ina mashindano ya kila mwezi, *tsukinami shiai*, ambayo ushindi wake hukusanywa kama alama kuelekea dani, daraja za mkanda mweusi. Jiandikishe kupitia dojo yako baada ya miezi sita, mwalimu akikubali. Usimwombe, msubiri akwambie.

Likizo ikifika na ukataka kuja nyumbani kusalimia, kwenye fomu ya kutokea uwanja wa ndege weka alama kwenye kisanduku kinachosema una nia ya kurudi, na uwe na kadi ya ukaazi mkononi. Ruhusa hiyo inakufunika kwa mwaka mmoja, mradi muda wa kadi haujaisha kabla yake. Ukipita bila kuweka alama, hadhi yako inafutika papo hapo na utaanza upya kuanzia COE.